Kabla ya Kumwangusha Mtawala Jukwaani

Vijana wanaoandaa michezo ya jukwaani hapa Mwanza huniletea miswada yao niisome kabla hawajaanza mazoezi, na karibu kila mswada unaohusu siasa una mtu yuleyule: mtawala mnene aliyekaa kitini, mwenye wapambe wawili wa kumsifia, ambaye katika onyesho la mwisho huangushwa na vijana wenye mabango. Watazamaji humzomea, humpigia makofi aliyemwangusha, kisha huondoka wameridhika. Nimeongoza kikundi cha maigizo Kirumba kwa miaka mingi, na naamini kuridhika huko ndiko kunakouua mchezo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuandika au kuongoza tamthilia ya madaraka, upinzani na kuvunjika moyo ni huu: nafasi kubwa wape wale waliompokea mtawala kwa vigelegele, na mtawala mwenyewe mbakizie kidogo.

Mtu havunjwi moyo na jambo ambalo hakuwahi kulitumainia. Ebrahim Hussein alilielewa hilo alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, wakati Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu na nchi ilikuwa bado imejaa matumaini. Tamthilia hiyo inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini haianzi na bunduki wala na maji ya dawa ya Ngarambe. Inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa na waume zao wanaolimishwa shamba la Mjerumani. Tulipoifanyia mazoezi, kila kijana wa kiume alitaka kuwa Kinjeketile, yule nabii aliyeyagawa maji hayo, na wasichana waliopewa nafasi za wanawake hao walinung'unika kwamba wamewekwa pembeni. Niliamua tuanze na mazungumzo hayo ya njaa na tusisogee mbele hadi yakolee, kwa sababu mtazamaji asiyeiona njaa ile hataelewa kwa nini watu wenye akili timamu waliamini kwamba maji yangezuia risasi. Atawaona wajinga, na akishawaona wajinga, kushindwa kwao hakutamgusa.

Katika tamthilia hiyohiyo kuna sehemu ambayo waongozaji wengi huipita haraka. Kinjeketile, baada ya kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka, anatambua kwamba maneno yaliyomtoka akiwa amepagawa yaliahidi kuwa baada ya Mjerumani kuondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani wangebadilishiwa bwana na kubaki watumwa. Shaka inamwingia yeye aliyewapa watu imani, ilhali watu wenyewe tayari wanataka vita na hawako tayari kumsikiliza. Sijui sehemu nyingine katika tamthilia za Kiswahili inayofaa zaidi kumfundisha mwandishi kijana namna tumaini linavyoweza kuharibika kutoka ndani, bila msaliti wala mhongaji. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mwigizaji wetu alipenda kukataa kwa kifua mbele na sauti ya shujaa. Nilimwomba akatae akiwa ameketi, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa kuwa mhusika huyo hana hakika na maji yale, na wakati huohuo anajua kwamba akiyakana, watoto watakuja kuambiwa kuwa hata madai yaliyowapeleka baba zao vitani yalikuwa uongo. Alipoliigiza hivyo, wenzake walioketi pembeni waliacha kuchezea simu zao, jambo ambalo mwongozaji yeyote wa siku hizi analijua thamani yake.

Mashetani, aliyoitoa mwandishi huyohuyo mwaka 1971, imeuhamishia mgogoro sebuleni na vichwani mwa wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, mmoja wa ukoo ulioporomoka na mwingine wa familia inayopanda baada ya uhuru. Kwa kikundi kinachoanza siishauri kwa jukwaa. Isomeni pamoja, kwa sauti, mbishane. Wenzetu wa Kisumu, ambao wengi wao walisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea shuleni, wana njia fupi zaidi: waanze na kufungwa kwa soko la Chapakazi, wamwache mtawala Majoka na kiti chake, wawafuate wachuuzi waliokosa mahali pa kuuzia.

Anayetaka kuandika mchezo mpya kutoka huku kwetu hana haja ya kwenda mbali, maana historia ya pamba ya Kanda ya Ziwa ina kila kitu ambacho tamthilia ya namna hii inakihitaji. Wakulima walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kujiwekea wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo, chini ya watu kama Paul Bomani, vikajengeka vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho kubwa lenye makao yake hapa Mwanza. Hayo yalifanyika wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imeyazuia matawi ya TANU Usukumani, tangu 1954 hadi 1958, kwa hiyo ushirika ulibeba matumaini ambayo chama hakikuruhusiwa kuyabeba, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliandamana kulipinga baraza la mseto wa rangi, la Waafrika, Wahindi na Wazungu, walilowekewa. Kisha uhuru ukaja, na baada ya miaka kadhaa wakulima walewale, au watoto wao, wakawa wananung'unikia makato na malipo yanayochelewa katika chombo walichokijenga wao. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa miaka ya 1980. Katika habari yote hiyo huhitaji mtawala mnene hata mmoja.

Sisi tuliiigiza kwa mizani moja iliyokaa katikati ya jukwaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaosimama nyuma yake ndio waliobadilika: mnunuzi, halafu karani wa ushirika. Kijana aliyeigiza mkulima alikuwa akimfokea karani kwa hasira nyingi, na sote tuliona inapendeza, hadi mzee mmoja aliyekuwa akilima pamba Magu alipokuja kutazama mazoezi na kutuambia kwamba hivyo sivyo ilivyokuwa. Mkulima asingemfokea karani, alisema, kwa sababu karani yule mara nyingi alikuwa mpwa wake, au kijana aliyesomeshwa kwa fedha za pamba ya ukoo, na mkulima akirudi jioni atakula kwa dada yake, mama wa karani huyohuyo. Tuliandika upya sehemu yote. Mkulima sasa anaamkiwa shikamoo na mtu anayempunja, anaitikia marahaba, anauliza hali ya nyumbani, na ndani ya salamu hizo anatafuta njia ya kuuliza kilo zake. Kama una saa moja tu ya kuufanyia kazi mswada wako, itumie kumtafutia mpinzani wako undugu na yule anayempinga.

Kuhusu ngoma, msiitumie kama kiamsha hadhira halafu ikakaa kimya. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wamekuwa wakishindana kwa ngoma Usukumani kwa vizazi vingi, na ushindi huamuliwa na watu wenyewe kwa miguu yao, kwa kukimbilia upande unaowavutia. Tuliliingiza hilo katika mchezo: makundi mawili ya waimbaji, moja likimsifu karani na jingine likimsema, na waigizaji wa nafasi ndogo wakihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili kadiri msimu wa mauzo unavyokwenda. Kuhama huko kulieleza kuvunjika moyo kuliko hotuba zote tulizokuwa tumeziandika, na hotuba tukazikata.

Baada ya onyesho acheni muda wa mazungumzo. Katika miaka ya 1980 Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo Malya, wilayani Kwimba, ambako wanakijiji walishiriki kuchagua tatizo, kulitengenezea mchezo na kulijadili. Swali la watazamaji wamejifunza nini huleta majibu ya darasani, kwa hiyo mimi huwauliza wangekuwa wao ndio karani wangefanya nini. Mkienda kuigiza kwenye mialo, chagueni siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa zao, na mwezi ukiwa mkubwa wengi hupumzika. Usiku wa giza mtaigizia watoto peke yao.

Mwisho, kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka mchezo wa hadharani uwe na ruhusa, na sioni faida ya kujificha. Siwataji viongozi walio hai katika mchezo. Mtazamaji ana majina yake na huyaweka mwenyewe panapofaa. Ofisa mmoja aliyeupitia mswada wetu aliniuliza mtawala tunayemsema ni yupi, nikamwonyesha kwamba mtawala hana mstari hata mmoja na kwamba anayesemwa ni karani wa mizani. Alifikiri kidogo, akasema makarani wa namna hiyo anawafahamu, akapiga mhuri. Pelekeni mswada mapema, wiki kadhaa kabla ya onyesho, ukiwa umechapwa vizuri na nakala ya ziada, na aende mtu anayeujua mchezo wote, kwa kuwa ataulizwa maswali papo hapo.