Maswali ya Wasomaji: Pancho Villa, farasi na treni

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu mapinduzi ya Meksiko ya 1910 imeleta barua nyingi, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja: Pancho Villa, mwizi wa mifugo aliyekuja kuwa jenerali. Tunajibu zilizotoka Nyanda za Juu Kusini.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wanaandaa igizo linaloanza na Villa akimpiga risasi mwenye shamba aliyemnajisi dada yake. Je, ni kweli? – Mwalimu, Mbeya mjini

JIBU: Mwalimu, kisa hicho Villa mwenyewe alikisimulia, lakini wanahistoria wameshindwa kukithibitisha. Matoleo yake yanapishana. Katika moja aliyepigwa ni mwenye shamba, katika jingine ni mwanawe au msimamizi. Mara anakufa, mara anajeruhiwa tu.

Yasiyo na ubishi mkubwa ni haya. Alizaliwa jimbo la Durango tarehe 5 Juni 1878, akaitwa Doroteo Arango. Wazazi wake walilima ardhi ya mkabaila na kumgawia mavuno. Akaingia milima ya Sierra Madre, akaiba ng'ombe na farasi, na katikati akafanya kazi halali pia: kuswaga nyumbu wa mizigo, kuuza nyama. Mwaka 1910 Abraham González, mwanasiasa wa Chihuahua, alimvuta upande wa Francisco Madero dhidi ya dikteta Porfirio Díaz. Chihuahua kwenyewe ukoo wa Terrazas ulimiliki zaidi ya hekta milioni mbili, kwa hiyo aliyeiba ng'ombe wa Terrazas hakukosa nyumba ya kulala.

Kwenye igizo, msikionyeshe kisa cha dada kama tukio lililotokea. Mwekeni mhusika akisimulie porini usiku, mwenzake amkatize kwa toleo jingine. Na kuhusu mavazi: mikanda ya risasi kifuani ipo kwenye picha maarufu, lakini ziko nyingine nyingi akiwa na suti au koti la kawaida. Kofia pana ya majani mwanzo hadi mwisho itamfanya kikaragosi.

SWALI: Mliandika kwamba aliteka mji kwa treni ya makaa ya mawe. Aliwezaje? Hapa kwetu treni ikikwama Mlimba, stesheni zote zinajua. – Msomaji, Makambako

JIBU: Kujua huko kwa stesheni ndiko alikokutumia.

Novemba 1913 Villa alishindwa kuuteka mji wa Chihuahua. Akaupita, akaelekea kaskazini hadi Ciudad Juárez, unaotazamana na El Paso ya Marekani. Anayeshika Juárez anashika forodha, na mwenye forodha ananunua risasi. Tatizo ni kwamba mji ulilindwa, na kuushambulia mchana kungerusha risasi hadi ng'ambo ya mto, kwa Wamarekani.

Watu wake wakakamata treni ya makaa ya mawe iliyokuwa ikielekea kusini. Makaa yakamwagwa, mabehewa yakajazwa askari wapatao 2,000. Kisha wakamshika mpiga telegrafu, bastola kisogoni, atume ujumbe Juárez kana kwamba ni mkuu wa treni: njia ya mbele imekatwa na waasi, nifanyeje? Juárez ikajibu: rudi, na utoe taarifa kila stesheni. Amri hiyo wakaitii barabara. Kila stesheni waliingia kwanza ofisini, wakamdhibiti mpiga telegrafu, wakaripoti kwamba treni imefika salama, wakangoja ruhusa ya kusogea, wakaondoka. Saa nane hivi za usiku, tarehe 15 Novemba, treni ikaingia Juárez huku ikitarajiwa. Kulipokucha mji ulikuwa wake.

Reli ya njia moja, kama hii yenu ya TAZARA, inakwenda kwa neno la stesheni ya mbele. Neno likiwa la uongo, hakuna jicho la pili la kulisahihisha. Mpango ungevunjika kwa mpiga telegrafu mmoja tu kuwahi kugonga herufi za ziada; ndiyo maana ofisi ilitekwa kabla treni haijaripotiwa, si baada yake.

Tangu hapo kikosi chake, División del Norte, kilikuwa jeshi la reli. Farasi walipanda mabehewa, askari na wake zao wakakaa juu ya mapaa, na nyuma ikafuata treni ya hospitali yenye mabehewa kama 40 yaliyopakwa enameli ndani na kuwekwa meza za upasuaji. Hata Rodolfo Fierro, mchinjaji wake aliyeogopwa kuliko wote, aliwahi kuwa mfanyakazi wa reli. Nyimbo zinampandisha Villa farasi. Sisi tungeanza na kichwa cha treni.

SWALI: Kama alikuwa hodari hivyo, kwa nini alishindwa mwaka 1915? – Msomaji, Njombe

JIBU: Kwa ukaidi, na kwa mifereji ya mashamba.

Juni 1914 alikuwa ameiteka Zacatecas na kulivunja jeshi la dikteta Huerta, aliyempindua Madero mwaka 1913. Desemba aliingia jiji la Meksiko pamoja na Emiliano Zapata, kiongozi wa waasi wa kusini. Kisha wanamapinduzi wakagawanyika, naye akakabiliana na Álvaro Obregón, jenerali wa Venustiano Carranza, kiongozi wa upande wa pili, mjini Celaya. Felipe Ángeles, mtaalamu wake wa mizinga, alimshauri asipigane pale: amwache Obregón aje kaskazini, njia yake ya reli kutoka bandari ya Veracruz irefuke, kisha aikate. Villa hakusikia.

Celaya ni tambarare ya kilimo iliyokatwakatwa na mifereji ya kumwagilia. Obregón aliweka askari ndani ya mifereji hiyo, akatandaza seng'enge mbele yao, akapanga bunduki za rashasha. Tarehe 6 na 7 Aprili, tena 13 hadi 15, Villa alituma wapanda farasi wimbi baada ya wimbi. Farasi akifika kwenye mfereji anapunguza mwendo, na mbele ya rashasha anayepunguza mwendo amekwisha. Hakuacha kikosi cha akiba, risasi zikapungua, na Obregón akafyatua wapanda farasi aliowaficha pembeni.

Fedha nazo zilimwangusha. Villa alichapisha noti zake, na zilikubalika kwa sababu moja tu: alikuwa anashinda. Baada ya Celaya zikashuka hadi senti chache za dola, na wauza silaha wa Marekani, ambao vita vya Ulaya vilishawapandishia bei, hawakuzitaka.

SWALI: Marekani walimkosaje mtu mmoja, na jeshi lote lile? Baba yangu anasema alikuwa shujaa tu. – Kijana, Tunduma

JIBU: Oktoba 1915 Marekani iliitambua serikali ya Carranza, ikawaruhusu askari wake kupita kwenye reli za Marekani kwenda kuulinda mji wa mpakani wa Agua Prieta, ambako Villa alivunjwa tena. Tarehe 9 Machi 1916 watu wake wapatao 500 wakavamia mji wa Columbus, New Mexico, na kuua Wamarekani wapatao 18. Jenerali Pershing akavuka mpaka kumfuata, akakaa hadi Februari 1917. Carranza alimbania matumizi ya reli, hivyo ikabidi kutegemea malori kwenye njia za vumbi. Ndege zake 8 hazikuweza kupanda juu ya milima ile. Mwezi mmoja baadaye zilizobaki zikiruka ni 2. Villa, akiwa na jeraha la risasi mguuni, alijificha pangoni, na wanakijiji hawakumtaja.

Ila mpelekee mzee habari hii pia, kwa heshima: Desemba 1915, huko San Pedro de la Cueva, Villa aliamuru wanaume wa kijiji wapigwe risasi. Walikufa zaidi ya 70, padri wao akiwemo. Wachina waliokuwa wakiishi kaskazini nao waliuawa na watu wake kwa sababu ya uchina wao tu. Wanakijiji waliomficha na hao waliozikwa wote ni wa nchi moja.

SWALI: Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi kwetu mwaka 1954. Nasikia Villa naye alikatwa kichwa. Kilirudi? – Msomaji, Kalenga, Iringa

JIBU: Hakikurudi. Tofauti ni kwamba fuvu la Mtwa lilichukuliwa na Wajerumani, na cha Villa kiliibwa kaburini na watu wasiojulikana hadi leo.

Alisalimu amri Julai 1920, akapewa shamba la Canutillo na walinzi 50. Tarehe 20 Julai 1923 alipita mji wa Parral akiendesha mwenyewe gari aina ya Dodge, akiwa na wachache tu kati ya walinzi hao. Inasimuliwa kwamba muuza mbegu za maboga alipaza sauti "Viva Villa!", na hiyo ndiyo ishara. Risasi zaidi ya 40 zikatoka kwenye nyumba ya kona. Jesús Salas Barraza alijitangaza kuwa mhusika, akahukumiwa miaka 20, akatumikia miezi tu. Februari 1926 kaburi likakutwa limefukuliwa, kichwa hakipo. Mwaka 1976 mabaki yakahamishiwa Mnara wa Mapinduzi jijini Meksiko, alimolazwa pia Carranza, adui yake, na Plutarco Elías Calles, ambaye wengi wanamtuhumu kwa mauaji yale.

SWALI: Ni kweli alilipwa na kampuni ya sinema apigane mchana ili picha zitoke vizuri? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Mkataba upo, na kampuni ya Mutual, wa Januari 1914. Sharti la kupigana mchana halimo.