Inesha Si Uvivu: Niliyofunzwa na Rilei na Ngoma

Shuleni tulifundishwa kwamba inesha ni tabia ya kitu kubaki kama kilivyo: kilichotulia hutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, hadi kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mwendo ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka wa 1687. Kila abiria wa matatu anaijua, kwa maana dereva akikanyaga breki ghafla pale Ngara, gari husimama ilhali mwili wako unaendelea na safari mpaka uzuiwe na kiti cha mbele. Hata hivyo, mimi niliielewa kwa dhati baada ya kuunguza transista tatu, vile vipuri vidogo vya kudhibiti mkondo wa umeme.

Nilikuwa natengeneza kidude cha kuwasha na kuzima pampu ya maji nyumbani, kwa sababu mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu. Transista aina ya BC547 iliendesha rilei ya volti 12, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), nayo rilei ikawasha pampu. Kuwasha hakukuwa na shida. Taabu ilikuwa katika kuzima: baada ya kuzima mara chache, transista ilikufa, nami nikalaumu ubora wa vipuri. Nilipokwenda kununua ya nne, fundi mmoja mzee wa Luthuli Avenue, Nairobi, aliutazama mchoro wangu, kisha akauliza, “Kijana, ukizima, mkondo uliokuwa ndani ya koili unaenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Koili huupinga mkondo wake usibadilike, kama vile uzito wa gari unavyopinga mwendo wake usibadilike, na nishati yake hukaa katika uga wa sumaku unaoizunguka. Ulinganifu huo ni wa karibu mno: gari likiongeza kasi maradufu, nishati yake ya mwendo huwa mara nne, na ndivyo ilivyo kwa koili mkondo wake unapokuwa maradufu. Ukiukata mkondo huo ghafla, koili hupandisha volti hadi mkondo upate pa kupita, na volti hizo zinaweza kuvuka mia moja kwa urahisi, ilhali BC547 imeundwa kuhimili 45 tu.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: kabla hujaunganisha rilei, mota au koili yoyote ya umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri), weka sambamba nayo diodi, kipuri kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, kwa mfano 1N4007, upande wenye mstari ukielekea chanya. Ukiigeuza, utapata shoti mara tu unapowasha. Ikiwekwa sawasawa, ukizima, mkondo huzunguka kati ya koili na diodi mpaka uishe wenyewe. Rilei itachelewa kidogo kuachia, jambo lisilodhuru pampu ya maji hata kidogo.

Swali la yule mzee nililibeba hadi kwenye kwaya ninakopiga ngoma. Tulikuwa na wimbo unaoanza polepole kisha ukachangamka, na kila mara tulipofika pale pa kubadilisha mapigo, sauti ya tatu na ya nne zilibaki nyuma. Mwalimu alidhani hawakuzingatia. Mimi niliwatazama miguu na mabega: watu thelathini wanayumba pamoja kwa mwendo mmoja, na miili hiyo ina uzito wa kweli, mbali na mazoea ya pumzi na masikio. Tulikuwa tunawakatia ghafla, kama nilivyoikatia koili.

Tukajaribu njia nyingine. Noti ya mwisho ya ubeti wa polepole ikashikiliwa kwa mapigo manne, na chini yake kayamba ikaanza mwendo mpya kwa sauti ndogo, huku waimbaji wakiruhusiwa kumalizia kuyumba kwao kabla ya ngoma kuingia. Jumamosi ya kwanza tulikosea mara mbili. Ya pili, sauti zote nne ziliingia pamoja, na nikaona miguu imekwisha kubadili mwendo kabla mkono wangu haujagusa ngozi ya ngoma.