Kwa nini mikopo iliyo chini ya mwanachama hairudi unaposoma Firestore

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya wavuti inaleta jina na simu ya mwanachama kutoka Firestore (hifadhidata ya Google iliyo mtandaoni), ilhali mikopo yake, ambayo unaiona waziwazi kwenye konsoli, inarudi tupu. Sababu ni kwamba Firestore hukupa hati uliyoiomba, yaani rekodi moja kama ya mwanachama mmoja, na kuishia hapo. Mkusanyo (kundi la hati nyingine) ulio chini ya hati hiyo hauji nayo.

Nami nilikwama papo hapo nilipokuwa nikijenga programu ya kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa nilikuwa nimezoea Realtime Database, hifadhidata nyingine ya Google, ambako data yote ni mti mmoja wa JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) na ukisoma tawi unapewa kila kilicho chini yake. Huko tatizo langu lilikuwa wingi: niliomba majina tu, kivinjari kikapakua na marejesho yote tangu kikundi kianze, tena kwenye simu za watu wanaonunua bando la siku.

Kwa hiyo tazama kwanza mikopo yako imehifadhiwaje. Ikiwa ni sehemu ya hati yenyewe, inakuja pamoja nayo. Ikiwa ni mkusanyo, uusome kwa ombi la pili, yaani getDocs (amri ya kusoma hati za mkusanyo) juu ya njia ya wanachama, kitambulisho cha mwanachama, kisha mikopo. Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi, kwa sababu niliweka await (neno la kusubiri jibu) ndani ya forEach (amri ya kupitia orodha kimoja kimoja), ambayo haisubiri majibu, na jedwali likawa linachorwa kabla mikopo haijafika. Lilitengemaa nilipotumia map, inayokusanya maombi yote, pamoja na Promise.all, inayosubiri yote yajibiwe.

Hata hivyo, piga hesabu. Wanachama 60 wenye mikopo mitano kila mmoja ni usomaji wa hati 360 (60 za wanachama na 300 za mikopo) kila ukurasa unapofunguliwa, na Firestore hutoza kwa hati. Kuisogeza mikopo yote ndani ya hati ya mwanachama sikushauri, maana marejesho huongezeka kila mwezi na hati moja haiwezi kuzidi MiB 1 (takribani megabaiti moja). Mimi niliiacha mikopo kwenye mkusanyo wake, nikaandika salio la jumla kwenye hati ya mwanachama, na kila rejesho linapoingia ninabadilisha vyote viwili kwa runTransaction (amri inayoandika vyote kwa pamoja au isiandike chochote) ili visipishane. Orodha sasa inasoma hati 60, na mikopo inasomwa pale tu mtu anapobofya jina.