Anafaa, lakini nionyeshwe kesi alizosuluhisha

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, mwanasheria anafaa kuwa kiongozi wa watu?", limenigusa pabaya. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, na jibu langu la haraka ni kwamba hafai. Nimebeba majalada yaliyonenepa hadi yakafungwa kwa kamba, na ukifunua ukurasa wa kwanza unakuta ugomvi wa mpaka wa shamba tu. Nimewaona ndugu wamekaa benchi moja kwenye varanda wakimegeana chapati, wanasubiri kuitwa. Wakiingia ndani, mawakili wao wanawageuza maadui. Kesi ikiahirishwa, wakili kalipwa. Mtu aliyezoea kula kwenye ugomvi wa wenzake, leo umpe nchi?

Najua mtanitajia Gandhi, wakili aliyewaongoza Wahindi kudai uhuru. Haya, tumzungumze, ila si yule wa shuka jeupe na fimbo. Namtaka kijana mwenye tai aliyerudi Bombay mwaka 1891 na cheti chake cha London, akasimama katika kesi yake ya kwanza amhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, swali lisije hata moja, akaketi. Kesi ikaenda kwa wakili mwingine, na ada ya rupia 30 akairudisha.

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara wa Kihindi (Dada ni jina lake, ni mwanamume), ikamwita Afrika Kusini kwa mwaka mmoja asaidie kesi yake, malipo pauni 105. Njiani meli ilitia nanga Lamu, na nusura imwache huko kwa sababu ya mkondo wa maji. Ingemwacha, leo tungemdai kuwa wetu.

Wasimulizi wakifika hapa hukimbilia Pietermaritzburg, usiku alioshushwa kwenye treni kwa ajili ya rangi yake. Mimi nakwenda Pretoria, kwenye kesi yenyewe. Dada Abdulla wa Durban alimdai Tyeb Sheth wa Pretoria pauni 40,000. Walikuwa jamaa, asili yao Porbandar, mji wa India. Kesi ilikuwa ya mahesabu matupu, na Gandhi hakujua kutunza vitabu vya hesabu. Akanunua kitabu, akajifundisha. Akaliingia jalada mpaka akaridhika kwamba mteja wake ana haki. Hapo ndipo mawakili niliowajua mimi hunoa meno. Yeye aliona ada zinavyopanda na jamaa hawa wanavyoangamizana, akamfuata Tyeb Sheth akamsihi wamwachie msuluhishi. Wakakubali. Dada Abdulla akashinda, karibu pauni 37,000 na gharama juu yake.

Subirini, kesi haijaisha. Tyeb Sheth asingeweza kulipa zote kwa mkupuo, na kwa Wamemoni wa Porbandar, jamii yao ya wafanyabiashara Waislamu, kufilisika ilikuwa aibu ambayo kifo ni afadhali. Gandhi akarudi kwa mteja wake mwenyewe, aliyekwisha kushinda, akamwomba apokee kidogokidogo kwa muda mrefu. Alisimulia baadaye kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko kuwaleta kwenye usuluhishi. Dada Abdulla akaridhia. Katika utumishi wangu wote sikuona wakili akimwombea mdaiwa. Kilichofuata hukumu kwetu kilikuwa dalali wa mahakama.

Naona kalamu inanivuta pengine. Mwaka 1930, kabla ya kuondoka Ahmedabad kwenda pwani ya Dandi kuvunja sheria ya Waingereza iliyowakataza Wahindi kujitengenezea chumvi, alimwandikia kwanza gavana mkuu wa Waingereza huko India, Irwin, kumweleza madai yake na atakachofanya yasiposikilizwa. Hiyo ni notisi ya wakili kabisa! Na chama cha mawakili cha London kilikuwa kimekwisha kumfuta uwakili tangu 1922, alipofungwa kwa uchochezi.

Basi anafaa, lakini si kila mmoja, na huyu pia ana lake. Miaka ile ya mwanzo Afrika Kusini aliwatetea Wahindi huku akiandika kwa dharau juu ya Waafrika. Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kiliiondoa sanamu yake mwaka 2018, nami sikuwalaumu. Aliyemjali hata mdaiwa wa mteja wake hakumwona mwenye nchi aliyepita mlangoni.

Kwa wakili anayeutaka ubunge jimboni kwetu nina swali moja tu: kesi zako ngapi ziliisha kwa suluhu? Akianza na "kwa mujibu wa kifungu", kura yangu aisahau.