Binti kusomea upigaji picha: jibu langu kutoka Lamu

Dada yangu, umeuliza binti yako akienda Nairobi kusoma diploma ya picha miaka miwili kama atapata kazi akirudi huku. Mie nimesoma hiyohiyo nkarudi Amu, yaani huku Lamu, na ndo inayonilisha, kwa hivo takwambia ninavoiona.

Kazi ya mshahara mwisho wa mwezi usiihesabu. Magazeti yamepunguza watu, hoteli za kijiji cha Shela zikitaka picha zinakuita siku mbili tatu basi, na wateja hawaulizi cheti, wataka kuona picha zako.

Lakini binti ana soko ambalo wanaume hawaingii kabisa! Wajua harusi zetu, usiku wa kupamba ni wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, simu zaachwa mlangoni, na mpiga picha lazima awe mwanamke tena anayeaminika, manake picha moja ikivuja ni nyumba nzima imevunjiwa heshima. Mie memori kadi haitoki mkononi mwangu, naediti mwenyewe, siposti hata mkono wa bi harusi bila ruhusa, na ndo sababu familia moja inanipeleka kwa nyengine. Hilo chuo hakifundishi, atajengwa na malezi yako.

Cha kwanza chuo kilichonipa ni kutumia mwanga. Nyumba zetu za mawe vyumba ni vyembamba, flashi ukiielekeza juu dari ni boriti nyeusi hairudishi kitu, yabidi uipige kwenye ukuta wa chokaa pembeni, na lenzi pana ukimueka bi harusi ukingoni mwa picha anatoka amevimba na mamake hatakusamehe. Ngozi nyeusi, gauni jeupe, dhahabu inayong'aa, taa za rangi za ukumbini, vyote kwa pamoja, hapo ndo utajua nani kasoma na nani anabahatisha.

Cha pili ni sheria, na hiki wengi wanakiruka. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtu akikuagiza kazi na hamkuandikiana vyengine, haki inahesabika imeenda kwake aliyeagiza. Kwa kuwa nilisomeshwa hivo, hoteli moja ilipotaka picha za tovuti niliandika kwenye mkataba ni tovuti pekee, walipozitaka za mabango wakalipa tena. Pia akirudi asajili biashara achukue cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi maalum nafasi ya tenda, asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu, na kaunti nayo inanunua picha.

Pesa zake lakini zafuata mwezi na msimu. Ramadhani hakuna harusi, masika mahoteli mengi yanafunga, halafu baada ya Idi unalala masaa matatu tu kwa usiku. Asiyejua kuweka akiba hii kazi itamtesa.

Kwa hivo karo ya miaka miwili mie singelipa yote. Mtafutie kozi fupi yenye studio ya kweli na somo la biashara, uwaulize kabla ya kulipa mwanafunzi anashika kamera masaa mangapi kwa wiki, na pesa itakayobaki mnunulie kamera yenye nafasi mbili za kadi, flashi mbili na hard disk ya kuhifadhia picha. Na kabla ya yote mlete mwezi wa Shaaban huu, harusi zikipamba moto, abebe taa zangu, akae macho mpaka alfajiri, kisha umuulize kama bado ataka.