Re: Wiki mbili melini na meneja asiyetaka kuniachia

Ndugu yangu, nimekuelewa: wewe ni askari wa akiba wa Jeshi la Majini la Marekani, umeitwa Norfolk, jimboni Virginia, kwa mafunzo ya kila mwaka, wiki mbili melini, meneja anataka siku hizo zikatwe kwenye likizo yako, nawe unaogopa kulevywa na bahari. Sheria ya mwaka 1994 inayolinda ajira za wanajeshi haimruhusu mwajiri kukulazimisha utumie likizo, ila mpe taarifa mapema, tena kwa maandishi, maana ya mdomo inakubalika lakini hukanwa kirahisi. Akikaidi, muone mwanasheria kabla ya kusaini chochote. Usisafiri bila amri rasmi mkononi, kwani malipo na matibabu yako huitegemea. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla meli haijang'oa nanga. Mweleze mtabibu wa meli dawa nyingine unazotumia. Na ubebe kufuli, kasha la chini ya kitanda huwa halina.