Solo za Billy Currie: sauti ni nusu tu ya kazi

SWALI: Napiga kinanda kwenye bendi ya hoteli hapa Mombasa. Wageni wa makamo huomba sana nyimbo za miaka ya themanini, na "Vienna" ya Ultravox, bendi ya Uingereza, haikosi kuombwa. Nimehangaika na programu ya sinthesaiza kwenye laptopu nikitafuta ile sauti inayolia katikati ya wimbo, haiji. Nikijaribu solo ya wimbo wao mwingine, "Sleepwalk", ndiyo kabisa, inatoka kama honi ya matatu. Nakosea wapi? Na huyu mpiga kinanda wao ni mkali kweli, au ni mashine tu?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye "Vienna" unatafuta kitu ambacho hakimo kabisa ndani ya sinthesaiza. Ile ni viola. Billy Currie, huyohuyo mpiga kinanda wa Ultravox, aliishika mwenyewe akaipiga kwa upinde. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na nyuzi zake zinaanzia chini zaidi, ndiyo maana sauti yake ina uzito ule. Weka sampuli ya viola moja, usiweke kundi zima la nyuzi. Au mwite mpiga fidla wa taarabu akupigie, Mombasa hawakosekani.

"Sleepwalk" ni habari nyingine. Hapo ni ARP Odyssey, sinthesaiza ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1972, yenye vitufe 37 na osileta mbili, yaani vyanzo viwili vya mawimbi ya sauti. Siri yake ni swichi ya singi ("sync"). Ukiiwasha, osileta ya kwanza inakuwa bwana wa ya pili: kila inapomaliza wimbi lake, inailazimisha ya pili ianze upya, hata kama ilikuwa haijamaliza la kwake. Basi noti unayoisikia inaamuliwa na ile ya kwanza. Ukipandisha au kushusha osileta ya pili, noti inabaki palepale. Kinachobadilika ni rangi ya sauti, ikitoka kwenye "o" kwenda "a" hadi "i" kali.

Kwenye programu yako fanya hivi. Osileta zote mbili ziwe wimbi la msumeno ("sawtooth"). Washa singi, kisha kwenye miksa ushushe kabisa sauti ya osileta ya kwanza, ibaki inaongoza kimyakimya. Ya pili ipandishe kama oktavu moja na kitu. Halafu ipe envelopu, yaani mpangilio wa kupanda na kushuka kwa muda: ianze juu pale unapogusa kitufe, ishuke ndani ya nusu sekunde hivi. Filta, ile inayokata ukali wa sauti, iache wazi. Wengi huifunga wakidhani watapata ulaini, wakaua meno yote ya sauti. Kinanda kiwe cha noti moja kwa wakati, potamento (mtelezo kutoka noti moja hadi nyingine) fupi, na mwangwi kidogo.

Kuna mtego mmoja hapo. Hakikisha kile kigurudumu cha kupindisha noti kinazigusa osileta zote mbili. Kikigusa ya pili peke yake, utakivuta hadi mkono uchoke na noti haitasogea. Zima pia mwitikio wa nguvu ya vidole. Vitufe vya Odyssey ya zamani havikujua kama umevigonga au umevipapasa, sauti ilikuwa ileile.

Na hapo ndipo swali lako la mwisho linapojibika. Kama kitufe hakijui nguvu ya kidole, hisia zilitoka wapi? Zilitoka kwenye malezi ya mpigaji. Currie alizaliwa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1950, akasomea viola ya muziki wa klasiki kabla ya kuingia kwenye roki. Mpiga nyuzi haingii kwenye noti kwa kuigonga. Anaitelezea kutoka chini, anaishika kavu kwanza, kisha ndipo anaanza kuitetemesha. Msikilize Currie uone anafanya yaleyale kwa umeme. Mtetemo hauwashi tangu mwanzo wa noti, anausubiri. Wewe, nakuhakikishia, umeuacha unatetemeka muda wote, na hiyo honi yako imetokea hapo. Uweke mtetemo kwenye gurudumu la modulesheni ("mod wheel"), kasi kama mara tano au sita kwa sekunde, na uuguse tu noti ikishakaa.

Kwa hiyo ndiyo, ni mkali, na binafsi namweka juu ya wengi wanaotajwa kabla yake. Sifa za "Vienna" zilimwendea Midge Ure kwa sababu ndiye aliyeimba na sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye video. Wimbo huo ulikaa nafasi ya pili Uingereza kwa wiki nne mwaka 1981, tatu kati ya hizo ukizuiwa na Joe Dolce na kichekesho chake "Shaddap You Face", jambo ambalo Waingereza wanalizungumzia mpaka leo. Lakini piano ile, viola ile, na ule mwendo unaokwenda ukiongezeka kasi ni kazi ya mikono ya Currie. Mwaka 1979 alikuwemo pia kwenye albamu ya mwanamuziki Mwingereza Gary Numan, "The Pleasure Principle". Na "Fade to Grey" ya bendi ya Visage ilianzia kwake yeye na Chris Payne, mpigaji mwenzake kwa Numan, wakati wa ziara ya Numan, ikiwa ala tupu bila maneno. Ure aliyaongeza baadaye.

Kabla ya kurudi kwenye "Sleepwalk", chukua "Astradyne", wimbo wa kwanza kwenye albamu ya "Vienna" ya mwaka 1980. Hauna mwimbaji, kwa hiyo hakuna wa kukuzuga. Imba kwanza ile melodia ya sinthesaiza kwa mdomo, uweke alama kila unapolazimika kuvuta pumzi, na hapo ndipo uinue kidole. Ukishaizoea, ipige "Sleepwalk" kwa nusu ya kasi, bila bendi, hadi potamento iache kukuburuza.